Na Mdogo, Hajambo?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mama aliyeketi hapo nyuma akinyonyesha, asifiwe na baba aliyefika na vumbi la barabara ya Bongwe miguuni. Mimi ni Mama Mueni. Wengi mnanijua kwa kuniona nikipita mbio. Leo nimeomba nisimame, na nitasema taratibu, kwa sababu jambo hili linaweza kumwokoa mtoto wa mtu humu ndani.

Nianze na maisha yalivyokuwa. Mimi hufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja kule Diani. Wakati huo mume wangu, fundi wa mawe, alikuwa akijenga Lunga Lunga na kurudi Jumamosi. Watoto wetu ni watatu: Mueni, Kioko, na Baraka, ambaye alikuwa ndio kwanza amejua kutembea. Wazazi wetu wako Ukambani. Hapa hatukuwa na shangazi wala nyanya wa kumwachia mtoto hata nikaoge.

Ndugu zangu, nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi! Nilikuwa nikipiga magoti kuomba, naamka na alama za mkeka usoni. Siku moja nilifika kazini na viatu viwili visivyofanana. Wenzangu walicheka, nami nikacheka, kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia.

Jirani yangu ni Bi Mejumaa, Mdigo, mama Mwislamu mtu mzima, muuza mahamri. Kati yetu kuna ua wa makuti tu. Sasa nyinyi mliotoka bara majuzi niwaeleze kitu kuhusu salamu za hapa. Bi Mejumaa hasalimii nyumba, anasalimia mtu mmoja mmoja. Ukimwambia "wote wazima", kwake bado hujajibu. Utasema shikamoo, ataitikia marahaba, kisha ataanza: baba watoto hajambo? Mueni hajambo? Kioko hajambo? Na mwisho, kila siku ya Mungu: "Na mdogo, hajambo?"

Mimi nilikuwa nikimjibu huku natembea. Naye alikuwa akinitania: "Nyinyi watu wa bara mwasalimia kama mwafukuzwa na mbwa!"

Ikafika siku ya kufungua shule. Mueni alikuwa anaingia darasa la kwanza, na Kioko anaanza chekechea. Wawili siku moja! Niliwaogesha uani, nyuma ya nyumba, kwa maji ya ndoo, nikabakisha nusu ya kuogea mimi, nikawaingiza ndani. Shati jipya la Kioko lilikuwa na matundu madogo, vifungo havikupita. Mueni alikuwa akilia kwamba nimemsuka nikamkaza. Mwendesha boda wa kuwapeleka alikuwa ameshafika, anapiga honi. Baraka alikuwa mlangoni anachezea kikombe cha plastiki. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho.

Nikatoka mbio kuanua soksi zilizokuwa juu ya ua, upande wa barabarani. Bi Mejumaa alikuwa ng'ambo anakanda unga.

"Shikamoo, Bi Mejumaa, wote wazima, tumechelewa!"

"Marahaba. Ati wote. Mueni hajambo?"

"Hajambo."

"Mwanafunzi wangu Kioko hajambo?"

"Hajambo, Bi Mejumaa, boda yuaningoja!"

"Na angoje, si mumeo. Na mdogo, hajambo?"

Nilishafungua mdomo niseme hajambo. Yeye akaacha kukanda. "Mbona leo simsikii? Yuwapi?"

Ndugu zangu, nikasikiliza. Nilimsikia Mueni akilia, nikaisikia honi. Baraka sikumsikia.

Nilimkuta uani. Kichwa kilikuwa ndani ya ndoo, miguu juu, na kikombe kinaelea kando yake. Hakuwa akitikisika. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuitaja mbele ya watoto.

Hapa nisimame kidogo, mama mwenzangu unisikilize. Mimi nilidhani mtoto anayezama hupiga kelele. Hapigi! Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akiinama juu ya ndoo, kichwa humvuta, na mikono yake haina nguvu za kumrudisha. Mdomo uko majini, atakuita na nini? Wala hayahitaji kuwa maji mengi. Ukimaliza kuogesha, yamwage. Kama ni ya kuweka, yafunike kwa kitu kizito. Usiseme nitayamwaga nikirudi.

Mimi nilipiga mayowe tu, namshika mtoto miguu kichwa chini, namtikisa. Bi Mejumaa alipita katikati ya ule ua wa makuti, hakuzungukia mlangoni. Akaninyang'anya mtoto. Akamlaza chini, akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mwanangu, akapuliza, akamkandamiza kifua kwa vidole vyenye unga, akapuliza tena, kama yeye na kina mama wenzake walivyofundishwa na wahudumu wa afya wa kijiji. Mimi nikiita Yesu! Yeye akipumua anasema Ya Rabi! kisha anapuliza. Ilikuwa hivyo mpaka Baraka akatapika maji, akatoa sauti nyembamba kama ya paka.

Boda aliyekuja kwa ajili ya shule ndiye aliyetupeleka zahanati, na kutoka hapo tukapelekwa kwa gari hospitali ya Msambweni. Kioko hakwenda shule. Aliketi kwa Bi Mejumaa na sare yake, akalala nayo, akakataa kuivua mpaka mdogo wake arudi.

Baraka alifumbua macho lakini hakunitambua. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ubongo ulikosa hewa, tungoje tuone atarudi kiasi gani. Pengine hatatembea vizuri. Pengine hatasema. Mama mkwe alipiga simu akaniuliza swali moja: "Ulikuwa unafanya nini?"

Ndipo akaja dada mmoja tunayeabudu naye, na simlaumu, hofu ilikuwa imemshika. Aliinama sikioni mwangu: "Mama Mueni, jiulize. Mtoto yuko majini, yule mama yuko ng'ambo ya ua, anauliza habari zake saa ileile. Alijuaje? Hawa watu wa huku unawajua?"

Neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Alijuaje? Nilikuwa nimechoka, nimevunjika, na chuki ilikuwa inatafuta mahali pa kuketi.

Alasiri ile Bi Mejumaa akafika wodini na uji kwenye chupa ya chai. Hakuja moja kwa moja kwangu. Alianza kitanda cha mlangoni, cha mama asiyemjua. Mwana hajambo? Homa imeshuka? Na ndugu zake uliowaacha nyumbani hawajambo? Akaenda kitanda cha pili. Cha tatu. Wanawake waliokuwa wamenyamaza tangu asubuhi wakaanza kusema. Mwisho akafika kwetu, akamshika Baraka mguu. "Na mdogo, hajambo?"

Mwiba ukatoka, haleluya! Alijuaje? Hakujua, ndugu zangu. Aliuliza. Aliuliza siku ile kama alivyouliza siku zote nilizokuwa nikimkimbia. Mungu aliliweka swali lile kinywani mwa jirani yangu mapema, likangoja siku yake.

Tulirudi nyumbani na mtoto asiyesema. Miaka mitatu ikapita. Mguu wa kulia anauburuta hadi leo. Kila asubuhi Bi Mejumaa aliuliza, nami nilisimama nikamjibia: hajambo, Bi Mejumaa, ashukuriwe Mungu. Asubuhi nyingine nilijibu nikilia.

Juzi shule zilifunguliwa tena. Nilikuwa nimemshika Baraka mkono, amevaa shati la Kioko la mwaka ule, anakwenda chekechea. Bi Mejumaa akamuuliza kila mtu, akafika kwake. Nikavuta pumzi nimjibie.

"Sijambo," akasema Baraka.

Bi Mejumaa akakaa chini palepale, mikono na unga wake.

Ewe uliyechoka, mtumaini Mungu. Nasi tukitoka hapa, jirani akikuuliza habari za wanao, simama umjibu. Kisha muulize za wake, mpaka umfikie yule mdogo.