Ukuta wa Juu Shambani Bombo

Sogeeni wanangu, sina sauti ya kupiga kelele. Eliwaza, mama, niinue kidogo hapa mgongoni. Manase, ingia ndani na wewe. Unamkwepa mdogo wako Fanueli kwani ana ukoma?

Najua mnachongoja, mnataka niseme nani achukue matuta ya juu yenye kahawa na nani abaki na ya chini. Jambo hili limenichosha kuliko ugonjwa. Tangu ukuta wa juu ubomoke masika na udongo ufukie maharage ya Fanueli, hamsalimiani, hata kanisani mnakaa mbalimbali, na lile pengo liko wazi mpaka leo.

Sikilizeni basi. Wakati wa vita vya Hitla Mwingereza alinipeleka kubeba mizigo Kipro, kile kisiwa alikotoka Barnaba wa Matendo ya Mitume. Milima yake ni miteremko mitupu kama hii yetu, nao wameishika kwa kuta za mawe, ukuta juu ya ukuta, ila penye migomba wao wamepanda mizabibu. Mturuki aliwatawala akawatoza kodi ya mvinyo, akaja huyuhuyu Mwingereza wetu, wao wakaendelea kupanga mawe. Zabibu wanazianika juani mpaka zisinyae ndipo wazikamue, na mvinyo wake mzito, mtamu... Msinikodolee macho, mchungaji hayupo. Mtoto akizaliwa wanafukia mtungi ardhini, unafukuliwa siku ya harusi yake.

Mzee Yorgi, aliyenionjesha, aliwagawia wanawe wawili shamba ili wasigombane. Wa juu akahamia mjini, ukuta wake ukaanza kutoka mawe. Wa chini akasema, huo si wangu. Ikaja mvua moja tu, jamani! Ukuta wa juu ukauangukia wa chini yake, huo nao ukauangukia uliofuata, na mizabibu ya babu wa babu yake ikaishia korongoni. Yorgi alinionyesha mlima umebaki mwamba mtupu, akalia mbele yangu mimi mgeni, mtu mzima vile. Niliogopa, na hofu ile nimerudi nayo mpaka kitanda hiki.

Kwa hiyo sigawi. Shamba ni la nyote watatu, dada yenu Eliwaza akiwemo, maana ndiye aliyepalilia mlipokuwa mmenuniana. Kuta mtazijenga kwa msaragambo, wote pamoja, kama tunavyotoka kijiji kizima kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ili maji yapate pa kukaa.

Maji, Eliwaza... Asante, yatosha.

Mimi mnizike chini ya lile pengo. Msinibishie, nimechoka. Mkishanizika mlizibe, Manase apokee mawe mikononi mwa Fanueli. Mkikataa, sawa, ila mvua za vuli zikija, ukuta ule utamwangukia baba yenu.

Mungu awape mvua ya kiasi, na watoto, na... na kusikilizana. Fanueli, mshike kaka yako mkono. Nyanyueni juu, macho yangu hayaoni. Mmeshikana? Eliwaza, niambie wewe, wameshikana?