Barua Kumi na Tatu za Tarehe Kumi na Sita

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, maisha ya marehemu yanasomwa hapa na kaka yake mkubwa kwa niaba ya familia, na mume wake ameomba lisirukwe jambo lolote, hata lile ambalo nyumbani kwao halikuzungumzwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Mei 1948, mtoto wa nne na binti wa pekee wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule Januari 1955, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, na baada ya kumuuguza mama yake kwa miaka miwili alijiunga na mafunzo ya uhazili, ambako alihitimu akipiga chapa bila kutazama vidole.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika chuo cha ufundi, na mwaka 1970 akawa katibu muhtasi wa Mkuu wa Chuo, akala kiapo cha kutunza siri, wenzake wakamwita Sefu, kwa kuwa kilichoingia kwake hakikutoka, wakamtania kwamba hata ukimwuliza saa ngapi anaomba kwanza kibali.

Jumamosi, tarehe 4 Septemba 1971, alifunga ndoa na mwalimu wa karakana ya umeme wa chuo hichohicho, wakapewa nyumba namba saba nyuma ya karakana, na wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa 1972 ambaye ni muuguzi, na wavulana wawili, wa 1975 na wa 1981.

Mwanzoni mwa mwaka 1979 mume wake alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, na mwezi Februari wafanyakazi waligoma siku kumi na moja, kwa sababu wapishi na wafagizi waliajiriwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu miaka nenda rudi, na uongozi haukutaka hata kuketi nao, mpaka ikatiwa saini ahadi kwamba mgomo uishe na mtu yeyote asiadhibiwe kabla ya kusikilizwa.

Jumatano, tarehe 7 Machi, Mkuu wa Chuo alifunga mlango, akamwamuru marehemu apige chapa barua kumi na tatu za kufukuza kazi, zote zikiwa na tarehe 16 Machi, siku ya kikao cha nidhamu ambacho kilikuwa bado kukaa, na ya kwanza ilikuwa na jina la mume wake.

Mkuu alitaka zikamilike kabisa, na namba za kumbukumbu juu yake, ibaki saini tu, akasahau kwamba namba haitoki hewani, hutolewa kwenye daftari la barua, kwa wino, pamoja na siku iliyotolewa, hivyo marehemu aliziandika palepale, namba 214 hadi 226, tarehe 7, na kesho yake barua nyingine ikachukua 227.

Ndipo zikaanza siku tisa ambazo aliniambia asingemtakia hata adui, kwa maana daftari lilikaa rafuni mwake pale pale, akiogopa kulihamisha lisije likaonekana limehamishwa, na kila viatu vilipolia kwenye korido aliacha kupiga chapa mpaka vipite, na siku moja Makamu wa Mkuu alipoliomba, akitafuta barua ya mwaka uliopita, marehemu alimfunulia ukurasa mwenyewe, akakaza kiganja kwenye kurasa zilizofuata, akaulizwa kama ana homa.

Nyumbani alipika, akapakua, akamsikiliza mume wake akipanga utetezi wake kwa matumaini, na siku ya kikao ni yeye aliyeandika kumbukumbu, neno kwa neno, huku watu kumi na watatu wakijieleza toka asubuhi hadi saa kumi, na barua zao zimo ndani ya droo iliyogusa goti lake.

Walipofukuzwa, chama kilipeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi, na Jumanne, tarehe 19 Juni, uongozi ulimleta marehemu athibitishe kumbukumbu za kikao, akaulizwa na wakili wa chama kama barua za chuo huorodheshwa mahali popote, naye, Mkuu akimkazia macho, akiwa na watoto wawili na nyumba isiyo yake, aliomba daftari liletwe, akasoma namba na tarehe kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, ikabidi arudie.

Kwa kuwa barua zilikitangulia kikao kwa siku tisa, wote kumi na watatu walirudishwa kazini tarehe 2 Julai, lakini siku ile ya baraza, njiani kurudi nyumbani, mume wake alimwuliza, "Ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua."

"Na chakula ukanipakulia?"

"Nilikupakulia."

Mume akalala sebuleni mwezi mzima, na neno hilo halikurudiwa tena, wala marehemu hakujitetea, ila mimi aliniambia, "Kaka, ningemwambia angelipuka mbele yao, na daftari lingechomwa mchana uleule."

Marehemu alihamishiwa stoo ya vifaa, akahesabu misumari na balbu hadi alipostaafu mwaka 1998, na hofu haikumwacha, kwani kila bahasha iliyofika nyumbani aliiweka mezani akangoja ifunguliwe na mwingine.

Aliugua shinikizo la damu kwa miaka mingi, Jumapili, tarehe 10 Novemba 2019, akapata kiharusi kilichomnyima kauli, na Alhamisi, tarehe 14, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliogawana zamu za kukaa naye, wafanyakazi wenzake, na wanne waliosalia kati ya wale kumi na watatu, ambao wamo humu.

Mume wake ameagiza isomwe kwamba sababu ya mkewe kumficha aliielewa mwenyewe zamani, akawa anatafuta siku ya kumwambia, na kila ilipofika aliogopa, yeye aliyezoea kusimama mbele ya wakubwa, na sasa anasema, "Mama watoto, uliniokoa, nami nikakununia."

Lala salama, dada, hakuna anayekuja kukagua.