Likizo ya Muuguzi

Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka pale mwanamke mmoja aliporukia ndani na kuketi kando ya mtahini kijana. Mtahini akageukia dirishani upesi. Jana alimfelisha mwanamke huyu, muuguzi anayetafuta kazi ng'ambo, katika mtihani wa kuzungumza lugha ya kigeni, na sheria ilimkataza kuongea na mtahiniwa yeyote nje ya chumba cha mtihani, hata salamu.

"Usijifiche, mwanangu, uso wako naukumbuka," alisema muuguzi. "Niambie tu nilikosea wapi."

"Mama, swali lilikutaka usimulie likizo yako ya mwisho. Ukasema hujawahi kupata likizo, ukanyamaza. Maneno machache, alama chache."

"Sasa ningesimulia nini?"

"Ungebuni. Ufuo, hoteli, chochote. Hatupimi ukweli."

"Ahaa. Halafu mnanipeleka wodini nikawaeleze wagonjwa hali zao."

Abiria wa nyuma akacheka. Mtahini, aliyesomea kazi hii ili awafungulie watu njia, akajiona bawabu.

"Nitalisema hili katika kikao cha watahini leo," alisema.

"Hayo makubwa yaache. Niahidi tu kwamba wewe ukiulizwa, hutabuni."

"Naahidi, mama."

Basi likasimama. Walipoteremka, msimamizi wa mitihani alikuwa kituoni. "Huyu si mtahiniwa wa jana? Mlikuwa mnaongea?"

Kijana aliiona ajira yake ikiota mbawa. Angeweza kubuni shangazi, jirani, chochote.

"Ndiyo," alijibu, akanyamaza.

Kwa mwongozo wake mwenyewe wa kusahihisha, jibu hilo lisingepata hata alama moja.