Mama Adolphine Nshombo Hastaafu Faili Likiwa Wazi

Jarida hili linawaomba radhi wasomaji wake kwa kukaa kimya tangu Machi. Hatukuishiwa karatasi wala habari. Toleo la Machi lilikuwa tayari, na ukurasa wake wa mbele ulikuwa wa kumuaga Mama Adolphine Nshombo, mratibu wa leseni za madaktari. Alipoonyeshwa ukurasa huo, Mama Adolphine alisahihisha tarehe mbili, akaurudisha, akasema hastaafu.

Sasa amekubali, kwa masharti. Mama Adolphine aliajiriwa na Zahanati za Mito Mitatu mjini Louisville siku ya Jumatatu, tarehe 4 Mei 2009. Sherehe ya kumuaga baada ya miaka kumi na saba ya utumishi itafanyika Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, katika ukumbi wa chini wa zahanati hiyo hiyo. Tunasema sherehe itafanyika. Hatusemi kazi itaisha. Msomaji ataelewa akiendelea. Tunawakumbusha pia wanaoshughulikia keki kwamba jina letu ni Mito Mitatu. "Mito Tatu" ya mwaka jana ililiwa, lakini haikusamehewa.

Mama Adolphine alikuwa karani wa shule ya sekondari mjini Bukavu. Alipofika Louisville alifunga viatu kwenye maboksi katika ghala kwa miaka miwili, kisha akaja kwetu kama mfanya usafi. Wakati huo zahanati ilikuwa moja tu, madaktari walikuwa watatu, na fomu zao za leseni zilikaa ndani ya katoni chini ya sinki. Asubuhi moja mkurugenzi alimkuta amesimama na fagio la maji mkononi, anasoma upande wa nyuma wa fomu ambayo daktari mmoja alikuwa ameitia sahihi bila kuigeuza. Upande huo ulikuwa na maswali sita.

"Docta, huku nyuma banauliza kama ulisha fungwa," alimwambia daktari huyo, naye tunamnukuu kama alivyotamka, kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Donc, ulifungwa ao hapana?"

Daktari hakuwahi kufungwa, lakini pia hakuwa amejibu. Wiki iliyofuata Mama Adolphine alipewa dawati.

Kwa faida ya wafanyakazi wanaodhani dawati hilo ni la kupokelea vifurushi, tueleze kazi yake. Katika nchi hii leseni ya udaktari hutolewa na jimbo. Daktari wa Louisville akivuka daraja la Mto Ohio bila leseni ya upande wa pili, anabaki kuwa mtu mwenye koti jeupe. Kentucky huhuisha leseni kila mwaka, kabla ya tarehe mosi Machi. Ohio huhuisha kila baada ya miaka miwili. New York hutoa leseni mara moja, kisha hudai usajili upya kila miaka miwili. Kote huko daktari aliyesomea ng'ambo hudaiwa uthibitisho wa shahada kutoka chuoni kwake, matokeo ya mitihani, na ushahidi wa miaka aliyofundishwa hospitalini. Na akishaipata leseni, huulizwa tena na tena amejifunza nini tangu hapo. Mama Adolphine ameshughulikia mafaili arobaini na moja ya namna hiyo, kwa madaktari wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo. Hakuna hata moja lililokataliwa.

Sifa yake ya kwanza, hata hivyo, aliipata kwa kosa. Katika mwaka wake wa kwanza dawatini fomu ya Kentucky iliandikwa 03/01. Mama Adolphine, aliyesoma kwa Kifaransa, aliisoma kama tarehe tatu Januari. Aliwafuata madaktari Krismasi nzima. Mmoja alimpata kanisani na kumfanya atie sahihi juu ya kitabu cha nyimbo. Tarehe mbili Januari makaratasi yote yalikuwa mezani. Mkurugenzi alimsifu mbele ya wafanyakazi wote kwa kutangulia miezi miwili, na hapo ndipo Mama Adolphine alipojua maana ya 03/01. Alinyamaza kwa miaka kumi.

Daktari Précieuse Ingabire wa Louisville anakumbuka habari ya alama za vidole ambazo fomu yake ilidai. Mara tatu mashine ilikataa kuzisoma, kwa sababu daktari anayenawa mikono mara arobaini kwa siku hufuta ngozi yake mwenyewe. Mama Adolphine aliamuru vidole vipumzike: mafuta kila jioni, na asioshe chombo chochote cha jikoni kwa siku kumi. Vidole vilisomeka siku ya kumi na moja. Mume wa Daktari, Bwana Kabera, anaosha vyombo hadi leo, na kila akimwona Mama Adolphine humuuliza kama Kentucky imekwisha kutoa jibu.

Sasa tufike kwenye faili la arobaini na mbili.

Zahanati yetu ya Buffalo, jimboni New York, iliyo karibu na Grant Street, inaachwa na Daktari Rugamba tarehe 31 Julai. Yeye ndiye daktari wake pekee anayejua Kiswahili. Wiki aliyokwenda likizo, Papa Yoeli wa Lackawanna alifika na kusema, "Bibi yangu iko na mimba." Mkalimani wa simu, aliyejifunza Kiswahili mbali na Kivu, ambako bibi ni mke, alimfasiria muuguzi kwamba bibi mzaa baba wa mgonjwa ni mjamzito. Muuguzi aliuliza umri. Papa Yoeli, akidhani anaulizwa umri wake mwenyewe, alijibu sabini na moja. Mke wa Papa Yoeli, mwenye miaka thelathini na tisa, alikuwa ameketi hapo hapo na alipimwa siku hiyo, lakini baada ya wataalamu wawili kuitwa.

Mtu wa kushika nafasi hiyo yupo. Ni Daktari Masumbuko Paluku Elie wa zahanati yetu ya Columbus. Alifanya mitihani yake huku akisukuma mizigo ghalani Louisville, na leseni yake ya Ohio iko safi. Yuko tayari kuhama. Anachokosa ni leseni ya New York. Mama Adolphine naye ana sababu yake: akistaafu atahamia kwa dada yake, Lower West Side ya mji huo huo, na zahanati ya Buffalo ndiyo itakayomtibu. "Presha yangu inasemaka Kiswahili tu," ameeleza.

Fomu ilikuwa na swali hili: taja majina mengine yote ambayo umewahi kujulikana kwayo. Mwombaji wa kawaida hujaza hapo jina la kabla ya ndoa, au huacha wazi. Daktari Elie alipiga simu Louisville.

"Mama, banataka majina yote. Yote kabisa?"

"Bameandika yote?"

"Yote."

"Basi ni yote, Shemeji. Serikali haipendake mutu wa kujificha. Bon, anza na yenye miye nakuitaka."

"Na Papa Josiane niweke?"

"Ni nani anakuitaka Elie? Ata bibi yako hakuitake Elie. Weka!"

Mke wa Daktari ni binti wa shangazi yake Mama Adolphine, kwa hiyo jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Shemeji. La pili lilikuwa Papa Josiane, kwa kuwa binti yake wa kwanza anaitwa Josiane. Yalifuata Docta, Tonton kutoka kwa wapwa, Bass kutoka kwaya, na Kanda ya Tatu, ambalo wenzake wa ghalani walimpa kwa mahali alipokuwa akisimama. Kwa jumla yalikuwa majina kumi na moja, na karatasi ya ziada iligundishwa kwa mkanda wa plastiki.

Jibu lilifika tarehe 24 Machi, siku tatu kabla ya sherehe ya kwanza ya kumuaga. Lilianza kwa maneno "Kwa Daktari Shemeji", jambo ambalo halikuwa kosa la mwandishi, kwani ndilo jina aliloandikiwa juu kabisa. Liliomba, kwa adabu na kwa haki, hati ya kisheria ya kila badiliko la jina, pamoja na tarehe ambayo mwombaji aliacha kuitwa Elie na kuanza kuitwa Papa Josiane.

Mama Adolphine alikuwa mwenye kosa, na alilikubali siku ile ile. Alifuta sherehe, akavua koti, akaketi.

Kwanza alimpigia Josiane, ambaye ana miaka kumi na tisa na anasoma chuo Columbus, akimtaka cheti cha kuzaliwa na kiapo kwamba baba yake ni Papa Josiane. Josiane alijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wa huku, kwamba kumbe alizaliwa ili awe kiambatisho. Cheti kilifika baada ya siku mbili. Kwaya ilithibitisha Bass kwa sahihi kumi na nne. Kwa ajili ya Shemeji, Mama Adolphine alilazimika kuapa yeye mwenyewe mbele ya mthibitishaji wa viapo.

"Kuna mtu mwingine unayemwita jina hili?" mthibitishaji aliuliza.

"Bane," alijibu, kisha akaonyesha vidole vinne.

Mthibitishaji aliweka kalamu chini, akacheka, akaichukua tena, akagonga mhuri.

Mwisho Mama Adolphine aliandika barua ya kurasa nne kueleza jinsi Mkongomani anavyopata majina. Alieleza kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishirikiane jina hata moja. Alieleza kwamba Paluku ni jina ambalo Wanande humpa mvulana wa kwanza, na kwamba wako wengi. Alieleza kwamba mtoto wa kwanza akizaliwa, jina la baba huwekwa kabatini kwa heshima, likatolewa tena siku ya makaratasi. Mhariri wa jarida hili aliombwa kusahihisha rasimu ya Kiswahili kabla haijatafsiriwa. Alikuta makosa sitini na mawili ya upatanisho wa ngeli. Katika hoja hakukuta kosa.

Tarehe 15 Juni ilikuja barua fupi kwa Daktari Masumbuko Paluku Elie, majina yote matatu kwa mpangilio wake. Ilisema kwamba faili limekamilika, hakuna hati nyingine inayohitajika, na uamuzi utatolewa. Haikusema lini. Zimebaki wiki sita na siku kadhaa kabla Daktari Rugamba hajaondoka.

Hayo ndiyo masharti. Mama Adolphine atakuja Ijumaa, atakula keki, atapokea zawadi na kuketi mbele kwa heshima anayostahili. Ufunguo wa kabati la mafaili hautakabidhiwa siku hiyo. Bi Muhoza, anayerithi kazi yake, amepewa nusu ya dawati, upande usio na simu.

Mama Adolphine, madaktari wetu wanatibu kihalali katika majimbo matatu kwa sababu wewe uligeuza karatasi. Tunakushukuru kwa Krismasi zote ulizowaharibia. Tunakuombea siku njema Buffalo, theluji ya kiasi, dada asiyekuchosha, na presha inayosikilizwa kwa lugha yake. Heri hizi hazina tarehe ya kuisha wala hazihitaji kuhuishwa.

Uamuzi ukitoka, tutaandika mistari miwili tu. Wa kwanza utataja namba ya leseni ya Daktari. Wa pili utakuruhusu kwenda nyumbani.