Mama Utaratibu na Asubuhi ya Getini

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu marehemu aliupitia mwenyewe kabla hajatutoka, na kila tulipompamba alituzuia. "Msinipake asali, nitajaa sisimizi," alisema. Basi tunausoma alivyotaka, ingawa kuna mahali ulimi unakuwa mzito.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi wa reli na mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alianza kupanga viatu mlangoni kabla hajajua kuvivaa.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1968, na hakukawia kuwa kiranja. Siku moja alimshtaki mdogo wake mwenyewe kwa mwalimu, kwa kosa la kuchelewa. Kweli alichelewa, maana alikuwa amembebea yeye mkoba! Jioni alimkanda alama za viboko kwa maji ya moto, taratibu kabisa, huku akimwambia, "Pole mdogo wangu, lakini utaratibu ni utaratibu." Mdogo mtu huyo ndiye anayewasomea leo, na bado anauguza. Baadaye marehemu alisomea utumishi chuoni, akahitimu mwaka 1984 akiwa wa kwanza darasani.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika ofisi ya utumishi ya kiwanda cha biskuti, akapanda hadi kuwa mkuu wake. Wafanyakazi walimbatiza Mama Utaratibu. Ukienda kuomba ruhusa ya msiba atakupa pole, na kabla pole haijatua atakuuliza marehemu ni nani wako kwa mujibu wa kanuni. Hakuwa mwonevu, wala hakula jasho la mtu. Aliamini tu kwamba haki ikishatendeka, moyo hauna kazi ofisini.

Mwaka 1987 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole, wakajaliwa mabinti wawili. Mama yetu alipofariki, wenzake dada wa kiwandani walikuja kuhani. Mmoja wao, mama wa idara ya kufunga pakiti, alibaki wengine walipoondoka. Alilala na dada yetu mkeka mmoja mpaka msiba ukaisha, akimbembeleza kula kama mtoto.

Sasa tumefika pale pazito. Mwaka 2003 biashara ilidorora, ikabidi watu wapunguzwe. Haki zao zote zilikuwa tayari. Lakini marehemu, kwa kuogopa vilio ofisini, aliamua asiitwe mtu. Kadi za kufungulia geti zizimwe Ijumaa jioni, na Jumatatu atakayekataliwa achukue barua yake kwa mlinzi. Asubuhi hiyo alisimama dirishani, ghorofani, aone mambo yanavyokwenda.

Yule mama wa pakiti alifika, akagusisha kadi. Taa nyekundu. Akaifuta kwa khanga, akajaribu tena, akacheka. "Leo mashine imeamka vibaya!" Wenzake nyuma wakapaza sauti, "Songa basi mama, tutakatwa mshahara!" Akawapisha. Wakapita mmoja mmoja, naye yuko kando akiwasalimia, bado anaamini ni hitilafu tu, mpaka mlinzi alipomvuta pembeni na kumnong'oneza. Hapo aliinua macho moja kwa moja kwenye dirisha la ghorofani. Marehemu akavuta pazia.

Jioni alimwambia mumewe kwamba kazi imekwisha bila kelele. Shemeji akauliza, "Na yule rafiki yako, ulimwambiaje?" Chakula kilipoa mbele yake. Jamani, aibu ilimwingia mifupani. Alianza kupita barabara ya nyuma kwenda kazini, na sokoni alituma watu, asije akakutana uso kwa uso na mmoja wa waliopunguzwa.

Ilimchukua muda mrefu mno kwenda kupiga hodi kwa yule mama. Alipewa kiti, akamiminiwa chai. Alipoanza kuomba radhi, mwenyeji wake alimkatiza.

"Kupunguzwa nilikuelewa. Kiwanda si chako. Lakini wewe ulinijua! Ulishindwaje kuniita?"

Marehemu alilia, akauliza kama amesamehewa.

"Kunywa chai, mwenzangu. Chai imeiva. Msamaha bado uko jikoni."

Tangu hapo, kila aliyepaswa kuondoka alimwita yeye mwenyewe, akamketisha, akamweleza huku akimtazama, akavumilia matusi, kisha akamsindikiza hadi nje. Vijana waliokuja kujifunza kazi hiyo kwake aliwaambia, "Kanuni mtazisoma mkaziweza. Usipokuwa na huruma utawaumiza watu kwa mujibu wa sheria, na hakuna atakayekushtaki." Alipostaafu mwaka 2016 alimwagiwa sifa, naye alizisikiliza ameinamisha kichwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Aliugua kwa uvumilivu, akifoka pale tu shuka zilipotandikwa ovyo. Yule mama alikuja wodini mara moja na uji kwenye chupa, wakazungumza habari za wajukuu. Msamaha haukutajwa, na marehemu hakuthubutu kuuliza tena. Alifariki tarehe 14 Juni 2024, mchana, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na wadogo watatu.

Kwa kawaida familia husema kaburini: kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Tulipomsomea sentensi hiyo alitikisa kichwa. "Hiyo 'kama' iondoeni. Niliowakosea nawajua." Kwa hiyo, mama yetu wa pakiti, ambaye habari ya msiba tulikuletea wenyewe mlangoni kwako, nanyi nyote mliokataliwa na geti asubuhi ile: dada yetu aliwakosea. Alikufa akiona haya. Tunawaomba mumsamehe, apate kulala.