Sauti ya Amino na Mashine ya Diski

Benchi yetu iko mbele ya kibanda ya Habsa, hapa Kiwanjani, Isiolo, kahawa yake ina tangawizi ya kutoa machozi. Mimi wananiita Tani Kumi, kwa sababu mwaka wa sabini na tisa niliinua lori ya Roble na hii bega, ikiwa na mchele juu, mpaka wakabadilisha gurudumu. Kuna watu wanasema kulikuwa na jeki. Waache. Wengine ni Rimberia, tunamwita Fomtu juu alifika fomu tuu ya sekondari na hajawahi kutuacha tusahau, na Godana Saa Mbili, mtu hakosi habari ya saa mbili kwa redio. Halafu Roble mwenyewe. Siku ninayosema alikaa kwa ukingo wa benchi kama mtu anangoja kuitwa.

Mke wake, Amino, alikuwa amekufa miezi nne. Kitu alimwachia ni kaseti moja, barua ya mdomo, alituma kutoka hospitali Nairobi. Upande mmoja tu, Amino hakuwa mtu wa maneno mingi. Anamkumbusha Roble asilale na viatu. Anasema mbuzi mweupe akizaa, maziwa ya kwanza ni ya Habsa. Anakohoa, anacheka. Mwisho anasema, "Nikimaliza nitavunja kidogo hapa nyuma, mtu asiimbe juu yangu." Hiyo ya mwisho hakuna mtu alielewa. Tulisema ni homa.

Roble alicheza hiyo kaseti kila siku mpaka ikaanza kulia kama mlango. Sasa kijana yake Jama, baharia, alikuwa amemtumia kompyuta ya nyumbani, ile ya kufunga kwa televisheni. Roble akaona dawa ni kuhamisha sauti iingie kompyuta, isizeeke tena. Jana yake tukaenda kwake sisi wote. Fomtu akafunga redio kaseti na waya, akapiga maneno kwa kompyuta vile Jama aliandika kwa barua. Televisheni ikasema bonyeza batani mbili za redio kaseti, ya kucheza na ile nyekundu ya kurekodi. Fomtu akasema ni sawa, kompyuta ndio inarekodi. Batani nyekundu ikakataa kushuka. Hapo ndipo walijua mimi ni nani. Nilitoa kaseti, nikaangalia, nikaona shida, nikatengeneza na hii kidole. Nikabonyeza zote mbili mara moja. Tukangoja mpaka upande ukaisha.

Tulipoicheza, ililia kriiii kidogo, halafu kimya. Upande mzima.

— Nisaidieni, wazee, Roble akasema siku hiyo pale benchi. Dereva Abdinur anaondoka na lori saa hii. Cherehani ya Amino iko juu ya lori tayari. Kuna mtu Nairobi atanipatia mashine ya diski ya kufunga kwa kompyuta, mimi nimpe cherehani. Nimpe ama nisimpe?

FOMTU: Mpe! Jama si aliandika? Kaseti ni ya pole pole, wenye haraka wanatumia diski. Sauti iko ndani ya kompyuta, lakini mlango ya kutokea ni mdogo.

GODANA: Mlango gani, wewe? Sauti imekunjwa. Ile kriiii ni Amino anaongea mbio sana. Kaseti inaachwa nyuma. Diski inazunguka, itamshika.

MIMI: Diski nyinyi mnaisikia tu. Mimi nimeiona Mombasa, bandarini. Kubwa kama sinia ya pilau, wanaume wanne wanaishikilia isiruke. Ile moja inaweka maneno ya Isiolo yote, na Kulamawe, mpaka Korbesa na mbuzi zao.

HABSA: Ulienda Mombasa lini, Tani Kumi?

MIMI: Kabla hujazaliwa.

HABSA: Mimi nakushinda miaka mbili.

Walicheka, lakini Roble hakucheka, kicheko ikafa.

ROBLE: Na ile kimya?

FOMTU: Kimya ndio sauti yenyewe. Imeingia ndani sana, masikio ya mtu haifiki. Diski inafika.

GODANA: Ama amenuna. Umemchezesha kila siku, mtu hawezi kurudia neno moja miezi nne.

ROBLE: Amino hakuwa mtu wa kununa.

GODANA: Walahi, nimekosa. Samahani, ndugu yangu.

Abdinur akapiga honi huko barabarani. Roble akatoa kaseti kwa mfuko ya shati, akaipangusa na kikoi.

ROBLE: Hiyo cherehani imeshonea watoto wangu wote. Yeye mwenyewe ameshona mpaka hii shati. Lakini cherehani haiongei.

MIMI: Basi mpe! Jumamosi diski iko hapa, na mimi ndio nitaifunga. Jumapili utasikia anakuambia utoe viatu.

Nilisema hivyo. Roble akasimama, akaanza kwenda kwa lori.

Ndio Akiru akafika. Huyu anatengeneza redio sokoni tangu baba yake ashindwe na macho. Alikuwa anamletea Habsa redio yake.

— Habari zenu, wazee.

Godana akamweleza yote, na mikono pia. Akiru akaweka redio kwa benchi. Akamwita Roble, akaomba kaseti. Hakuangalia utepe. Akageuza nyuma, akaingiza ukucha, akatoa kitu kidogo imekunjwa mara nne. Karatasi ya majani chai, ile nyekundu na kijani.

— Hapa huwa na kipande ya plastiki, akasema. Mtu akivunja, redio inakataa kurekodi juu. Inalinda maneno yasifutwe. Mama Amino alikuwa amevunja. Halafu mtu ameziba shimo.

Roble alikuwa anaangalia hiyo karatasi. Midomo yake ikasonga bila sauti, na mimi nilijua ni neno gani anasema, lile la mwisho la Amino, juu sisi wote tulikuwa tumelisikia mara mia.

— Si kwa ubaya, wazee, Akiru akasema. Nauliza tu. Nani aliziba hapa?

Fomtu akaangalia barabara. Godana akaangalia viatu. Abdinur akapiga honi tena.

Roble akachukua kaseti, akairudisha kwa mfuko. Akaenda mpaka kwa lori, pole pole.

— Abdinur, shusha cherehani.

Habsa akaleta birika. Akamimina kwa Fomtu, akamimina kwa Godana, akamtafutia Akiru kikombe. Mimi nilikuwa nimeshika yangu mbele, hivi. Akanipita.