Chumba cha Gurudumu la Achol

Mgeni rasmi, Afisa wa Elimu kutoka Lodwar, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: ejok, hamjambo.

KARIBU
Mgeni wetu, umevumilia vumbi na jua la njiani hadi kutufikia hapa Kakuma. Sisi wana Klabu ya Sayansi tunasema asante.

TULIKOANZIA
Tulianza na swali la mwenzetu Achol: kiumbe wa majini akikua bila dunia kumvuta upande mmoja, atajua chini ni wapi? Konokono wa maji ana vijiwe vidogo sana mwilini. Vinapolalia, huko ndiko chini. Mwanachama mwenzetu Ekaale alituletea mayai ya konokono hao kutoka mto Turkwel. Achol akayatia kwenye vichupa, akavifunga kwenye gurudumu la baiskeli linalozungushwa polepole na mota ya feni. Kwa mayai yale, chini ilikuwa kila mahali.

Mpishi wetu, Mama Jeanine, alicheka sana. "Wanangu, hata kijiko hawajazi, mbona mnawalevya?"

"Mama, tunataka kujua ni nani huwaonyesha chini," Achol akamjibu.

MAFANIKIO
Konokono hawa huvuta hewa juu ya maji. Walioanguliwa kwenye chupa iliyotulia walipanda moja kwa moja. Wale wa gurudumu, tulipowashusha, walisimama, wakageuka, wakapapasa kioo kama watu waliokatizwa ndoto. Tuliwatazama hadi kengele ikatupita.

CHANGAMOTO
Mwezi wa Machi malaria ilimchukua Achol. Siku ya mazishi tulisimamisha gurudumu, kama tunavyozima redio nyumba ikifiwa. Tulidhani ni heshima. Lakini ndani yake mlikuwa na mayai mapya, nayo yakapata chini yao. Jaribio likaharibika.

"Sasa tumemzika mara mbili," mwenzetu Mawien akasema.

Tumeanza tena. Mayai yanazunguka sasa hivi, madoa ya ukungu ndani ya ute. Lakini tumeambiwa kesho chumba kinakuwa stoo ya mahindi.

MAOMBI
Hatuombi darubini. Tunaomba chumba kisiguswe mpaka mayai yaanguliwe. Magunia tutayabeba wenyewe, tuyalaze darasani mwetu, sisi tusomee nje. Tafadhali, kabla ya kutujibu, ingia uyatazame kidogo.

Mungu akunyeshee mvua ya kiasi, na laga, mito yetu ya msimu, zisikufungie njia ya kurudi.

Imesomwa na Namuar, kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Sayansi, Achol akiwemo.